Futi 14 na inchi 8: gurudumu lililowapimia wakimbizi njia

Familia iliyokimbia vita ikifika kwa wenyeji huulizwa maswali mawili kabla ya mengine: mmetoka wapi, na mmetembea mwendo gani? Swali la kwanza lina jibu. La pili huleta mabishano. Baba atasema siku mbili. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani atasema siku tatu. Mwenye baiskeli aliyewapakilia mizigo atataja kilomita nyingi, kwa sababu bei yake inafuata kilomita. Kila mmoja anasema alichosikia miguuni, na miguu ya watu haihesabu sawa.

Mabishano kama hayo yaliwahi kutokea mbali sana na hapa, Marekani, mwaka 1847. Na waliobishana nao walikuwa watu waliofukuzwa makwao. Mmoja wao alichoka kubishana, akachukua kipimo, akapima gurudumu la gari lake, kisha akaanza kuhesabu. Kazi yake ya siku ile ndiyo kazi inayofanywa leo na kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye baiskeli kuonyesha mwendo na kilomita.

Waliofukuzwa mara mbili

Watu hao ni Wamormoni, jamii ya dini iliyoanza Marekani miaka ya 1830. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri ya kuwafukuza. Wakavuka kwenda jimbo la Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi. Huko nako chuki iliwafuata. Mwaka 1844 kiongozi wao, Joseph Smith, aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani. Mwezi wa pili mwaka 1846, katikati ya baridi kali, familia za kwanza zilianza kuvuka mto zikiacha nyumba, mashamba na makaburi ya watu wao.

Walitembea hadi mto Missouri, wakajenga kambi waliyoiita Winter Quarters, maana yake makao ya majira ya baridi. Mamia walikufa katika kambi zile kwa magonjwa, baridi na chakula kibaya. Anayejua maisha ya kambi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi wa nne mwaka 1847, kundi la kwanza lilitangulia kwenda magharibi kutafuta pa kukaa: wanaume 143, wanawake 3 na watoto 2, wakiwa na magari ya mbao yaliyovutwa na ng'ombe, farasi na nyumbu. Nyuma yao maelfu walikuwa wanangoja kuambiwa njia ilivyo: maji yako wapi, majani ya ng'ombe yako wapi, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo gani. Mtu akikosea umbali kati ya mito miwili, ng'ombe wanaweza kufa kwa kiu kabla ya kufika.

Ndani ya kundi hilo alikuwamo William Clayton, Mwingereza wa miaka 32, mtu wa kalamu, aliyepewa kazi ya kuandika safari. Kila jioni aliandika maili walizotembea siku hiyo. Taabu ilikuwa kwamba kila mtu alikuwa na hesabu yake. Clayton aliandika katika kitabu chake cha siku kwamba makadirio yake na ya wenzake yalipishana maili 2, na mara nyingine 4, kwa siku moja. Wenzake walimwona anapunguza. Mtu aliyechoka huamini ametembea sana, na hakuna wa kumlaumu.

Kitambaa kwenye spoki

Tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 1847 Clayton aliamua kumaliza ubishi. Alipima gurudumu la nyuma la gari moja, akizungusha kipimo kwenye ukingo wake wa nje. Urefu wa duara hilo la nje huitwa mzingo. Alipata futi 14 na inchi 8, yaani mita 4 na sentimita 47 hivi.

Kisha akapiga hesabu. Maili moja ina futi 5,280. Ukigawanya futi 5,280 kwa futi 14 na inchi 8, unapata 360 kamili, bila hata kipande kinachobaki. Gurudumu likizunguka mara 360, gari limetembea maili moja. Lilikuwa jambo la bahati kwa gari lile, na lilimrahisishia kazi.

Inasimuliwa kwamba alifunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ili asipoteze hesabu. Akatembea kando ya gari siku nzima, macho kwenye kitambaa, akihesabu kila kilipopita. Jioni alikuwa na mizunguko 4,070. Akagawanya kwa 360: maili 11 na robo, na mizunguko 20 juu yake. Ni karibu kilomita 18.

Siku hiyo ubishi ulikuwa umepata mwamuzi. Lakini kuna binadamu gani atakayehesabu hadi elfu nne kila siku, kwa miezi, bila kusinzia? Clayton alikuwa ametoa wazo la kutengeneza mashine ya mbao itakayohesabu yenyewe. Orson Pratt, aliyejua hesabu vizuri, alichora mpango. Appleton Harmon, fundi wa mbao, aliichonga. Siku chache baada ya kile kitambaa, mashine ilikuwa kwenye gari.

Ilifanya kazi hivi. Kwenye kitovu cha gurudumu waliweka jino moja. Kila gurudumu lilipozunguka, jino lile lilisukuma mkono mmoja kati ya mikono 6 ya mti uliosimama kando yake. Kwa hiyo mizunguko 6 ya gurudumu iliuzungusha mti mara moja. Mti huo ulikatwa skrubu juu yake, na skrubu ilisukuma gurudumu dogo lenye meno 60, jino moja kwa kila mzunguko wa mti. Mara 6 kwa mara 60 ni 360: gurudumu la meno 60 likimaliza duara, ni maili moja. Lingine la meno 40 lilionyesha maili na robo zake hadi maili 10. Baadaye Clayton alikasirika kusikia fundi anajisifu kwamba ni yeye aliyeivumbua. Hata ugomvi huo unafahamika popote watu wanapofanya kazi pamoja.

Tangu hapo walisimika vibao vya mbao njiani vyenye idadi ya maili kutoka Winter Quarters. Pengine ujumbe kwa wanaofuata uliandikwa kwenye mafuvu ya nyati waliyoyakuta uwandani.

Mwezi wa 7 mwaka huohuo walifika kwenye bonde la Salt Lake. Wakati wa kurudi kuchukua wengine, Clayton alipima njia nzima upya kwa mashine iliyotengenezwa vizuri zaidi, akapata zaidi kidogo ya maili 1,030. Mwaka 1848 alichapisha kitabu kidogo cha mwongozo: kila mto, kila kilima, kila mahali penye kuni, na umbali kutoka pale hadi kituo kinachofuata. Familia zilizofuata ziliweza kujua asubuhi kama jioni zitalala penye maji. Wengine waliokitumia walikuwa watafuta dhahabu waliokwenda California mwaka 1849.

Ukweli mmoja usisahauliwe. Bonde lile halikuwa tupu. Lilikuwa nchi ya Washoshone na Waute, na kila familia mpya iliyofika kwa mwongozo ule iliwasogeza wao pembeni. Waliofukuzwa walifika, na wengine wakaanza kusukumwa. Kipimo sahihi hakikuwaambia ardhi ni ya nani.

Kazi ya zamani

Clayton hakuwa wa kwanza kupima njia kwa gurudumu. Vitruvius, mjenzi wa Roma aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika juu ya gari lenye gurudumu la mzingo wa futi 12 na nusu. Likizunguka mara 400 linakamilisha futi 5,000, ambazo ndizo zilikuwa maili ya Kirumi. Kila maili, kijiwe kilidondoka ndani ya chombo cha shaba na kutoa sauti. Jioni msafiri alihesabu vijiwe. China ya zamani nayo ilikuwa na gari lenye sanamu ya mtu wa mbao iliyopiga ngoma kila gari lilipomaliza kipimo cha njia cha nchi hiyo, kinachoitwa li.

Ufaransa, daktari Jean Fernel alitaka kujua ukubwa wa dunia. Alisafiri kutoka Paris kuelekea kaskazini hadi urefu wa jua angani ulipobadilika digrii moja, kisha akapima umbali huo kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu la gari, zaidi ya mara 17,000. Mwaka 1528 alitoa kitabu chenye jibu lake, nalo lilikuwa karibu sana na lile linalokubaliwa leo, ingawa bahati nayo ilimsaidia, maana barabara hainyooki kama kamba.

Katika hadithi hizi zote, kuhesabu ni kazi ya uvumilivu tu. Mashine, kijiwe au mtoto wa shule anaweza kuhesabu. Pagumu ni pale mwanzo: mzunguko mmoja una urefu gani? Kama Clayton angekosea inchi moja tu kwenye mzingo, kosa hilo lingerudiwa mara 360 katika kila maili: futi 30, au mita 9 hivi. Katika maili 1,000 lingekuwa kosa la kilomita 9, ambazo kwa familia yenye watoto na wazee ni nusu siku ya kutembea. Hesabu ingekuwa safi kabisa, na jibu lingekuwa la uongo.

Baiskeli, na mpira uliotoka Kongo

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa tairi la mpira lenye hewa. Baiskeli ikawa laini na ya haraka, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutaka mpira kwa wingi.

Hapo historia ya gurudumu inaingia kwetu. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika nchi iliyoitwa Dola Huru la Kongo, mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vililazimishwa kuleta utomvu wa mitambaa ya msituni. Mpira uliletwa ukapimwa kwa mizani, na mizani ilikuwa mikononi mwa wakala. Uzito usipotimia, walifuata viboko, wanawake waliofungwa kama rehani, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyochomwa. Watu wengi walikimbilia porini na wengi hawakurudi. Wazee wetu walijua maana ya kipimo kilicho mikononi mwa mtu mwingine.

Wakati huohuo, ng'ambo, waendesha baiskeli walitaka kujua wametembea mwendo gani. Mwaka 1895, mjini Hartford huko Marekani, Curtis Veeder alitoa kifaa kidogo cha kuhesabu maili. Kijino kilichofungwa kwenye spoki kiligonga kigurudumu chenye umbo la nyota kila gurudumu lilipozunguka, na tarakimu zikasogea. Ni jino la mashine ya mbao lilelile, sasa la chuma na dogo kuingia kiganjani. Kifaa hicho kiliuzwa kwa ukubwa maalumu wa gurudumu. Ukikifunga kwenye gurudumu la ukubwa mwingine, kinasema uongo kila mzunguko.

Vya leo havina jino. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki, na kwenye uma wa mbele hufungwa kifaa kinachoihisi sumaku kila inapopita. Kila kupita ni mzunguko mmoja. Kifaa huzidisha idadi ya mizunguko kwa mzingo, kikapata umbali. Kikiangalia saa, kinapata mwendo kasi. Lakini hakijui mzingo. Lazima mwenye baiskeli akiambie kwa milimita.

Baiskeli kubwa za mizigo zinazoonekana katika barabara zetu, zile ambazo Lubumbashi wanaziita kinga, nyingi zina gurudumu la inchi 28, lenye mzingo wa karibu milimita 2,200. Mtu akiacha kifaa kikiwa na namba 2,100, atapoteza kilomita zaidi ya 3 kati ya Rutshuru na Goma, njia ya kilomita 70 hivi. Kifaa kitaandika chini ya 67. Kama malipo yanafuata kilomita, kuna mtu amekatwa bila kujua.

Wapimaji wa mbio walivyotatua

Waliolichukulia jambo hili kwa makini zaidi ni wapimaji wa mbio za marathoni. Mbio hizo zina kilomita 42 na mita 195, na mkimbiaji hawezi kudai rekodi kwenye njia iliyopungua. Mwaka 1961 John Jewell wa Uingereza alichapisha uchunguzi wa namna ya kupima njia kwa baiskeli. Mwaka 1964 Ted Corbitt alifanya kazi kama hiyo Marekani. Alikuwa mkimbiaji Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyekimbia Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Mwaka 1971 kikaja kifaa cha kuhesabu kilichotengenezwa na Alan Jones na mwanawe Clain, kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele na kuhesabu hata vipande vya mzunguko.

Njia yao haiuliza namba iliyoandikwa kwenye tairi. Wanapima kwanza kwa utepe wa chuma sehemu iliyonyooka, mita 300 au zaidi. Wanaipita kwa baiskeli mara kadhaa na kuona gurudumu linahesabu ngapi. Ndipo wanapokwenda kupima njia ya mbio. Wakimaliza wanarudi kwenye sehemu ileile na kuipita tena, kwa sababu jua la mchana huongeza nguvu ya hewa ndani ya tairi, na mzingo wa asubuhi si mzingo wa saa sita. Mwisho wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili kosa likiwepo lisimdhulumu mkimbiaji.

Siku hizi baadhi ya vifaa vya baiskeli hufanya jambo hilo peke yake. Vinachukua umbali uliopimwa na satelaiti, vinaugawanya kwa mizunguko iliyohesabiwa na sumaku, na kupata mzingo. Chini ya miti mizito au kwenye kona nyingi satelaiti nayo huteleza, kwa hiyo ni vizuri kufanya hivyo kwenye barabara iliyonyooka na yenye anga wazi.

Anayetaka kupima mwenyewe

Mtu asiye na kifaa chochote anaweza kufanya alichofanya Clayton, tena kwa usahihi zaidi. Kwanza apige pompa matairi kama anavyoyatumia kila siku. Asimamishe baiskeli mahali pa sawa, valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa, na achore mstari ardhini. Kisha apande, na mzigo wake wa kawaida ukiwa juu, mwenzake amsukume polepole, wakinyooka, hadi valvu irudi chini mara 10. Wachore mstari wa pili. Wapime kati ya mistari kwa utepe wa fundi, wagawanye kwa 10. Hiyo ndiyo namba ya baiskeli ile.

Kupanda ni lazima. Tairi likibeba uzito hulala kidogo, na mzingo wake hupungua. Hewa ikipungua ni vilevile: gurudumu litazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ileile, na kifaa kitatangaza kilomita zaidi ya zile za kweli. Anayepakia gunia za makala huku amepima baiskeli ikiwa tupu atapata hesabu isiyo yake.

Akiwa na njia ndefu ambayo urefu wake unajulikana hakika, aitumie hiyo. Kwa mfano, mita 300 zilizopimwa kwa utepe, gurudumu likizunguka mara 137: 300 ukigawanya kwa 137 ni mita 2 na sentimita 19. Nguzo za kilomita kando ya barabara zisiaminiwe hivihivi. Nguzo inaweza kung'olewa wakati wa kutengeneza barabara na kurudishwa pasipo pake.

Clayton hakupata faida kwa siku ile ya kuhesabu hadi 4,070. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatembea, na maili haziwezi kupungua kwa kuandikwa. Waliofaidika ni wale waliokuwa bado kambini Winter Quarters, ambao walipewa karatasi yenye mito na umbali kabla ya kufunga mizigo. Njia za huku nazo zina watu wanaozipita kila wiki na baiskeli zao, wanaojua maji yako wapi na daraja gani limekatika. Wakiongeza namba ya gurudumu lililopimwa vizuri, na wakaiandika, familia itakayopita baadaye haitaanza safari kwa kubahatisha, na haitalipa kwa kilomita ambazo hazipo.